Chuo Gani Kitakufunza Kazi ya Usafirishaji?



Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza shule yanapotangazwa, vijana watatu wanne huja ofisini kwangu hapa Gisenyi, karibu na mpaka, wakiwa na karatasi za vyuo mikononi. Swali lao ni moja: "Mzee, nataka kusoma shahada ya usafirishaji. Niende chuo gani?" Safari hii Mhariri ameniomba niliandike jibu langu katika gazeti letu, ili wote walisome kwa pamoja. Nimekubali kwa furaha, maana jambo hili si dogo. Shahada ni miaka mitatu au minne ya maisha ya kijana, na mara nyingi ni shamba au ng'ombe wa baba yake pia. Mimi mwenyewe nilikosea nilipochagua, nami nitalieleza kosa langu bila kuficha, ili lisirudiwe na mwingine.

KAZI YENYEWE NI NINI?

Watu wengi hudhani kwamba usafirishaji ni kuendesha lori basi. Dereva ni mtu mkubwa katika kazi hii, wala asidharauliwe, lakini ni mmoja tu kati ya wengi. Simama asubuhi pale Petite Barrière siku ambayo mpaka uko wazi, utazame. Utawaona kina mama wenye vikapu vya mboga vichwani, na watu wenye ulemavu wa miguu wakipitisha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Ng'ambo, upande wa Goma, utawaona vijana wakisukuma chukudu za mti zilizopakiwa magunia ya makaa na viazi. Kisha nenda mpaka mkubwa wa Corniche, uyatazame malori yenye shehena iliyoshushwa melini Mombasa au Dar es Salaam. Mwenye chukudu na mwenye lori wana maswali yale yale: mzigo uko hapa, unatakiwa kule, nani ataubeba, kwa njia gani, kwa siku ngapi, kwa fedha kiasi gani, na kwa karatasi zipi?

Tufuate kontena moja, mpate kuelewa. Limeshuka bandarini Dar es Salaam. Kutoka huko hadi Kigali ni kama kilometa 1,500 kwa kupitia Dodoma na Rusumo. Kutoka Mombasa kwa kupitia Uganda ni kama kilometa 1,700. Kutoka Kigali kuja kwetu huongezeka kilometa 150 hivi, tena za milima na kona. Bandarini kuna siku chache za bure. Zikipita, kila siku ya kontena kukaa pale hulipiwa. Kwa hiyo karatasi za forodha zatakiwa ziwe tayari mapema. Tangu mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu wa eneo moja la forodha, ambao kwao ushuru wa mzigo wa Rwanda hulipwa Rwanda wakati mzigo ungali bandarini. Njiani kuna mizani. Sheria ya Jumuiya hairuhusu lori na mzigo wake kuzidi tani 56, hata likiwa na ekseli saba. Likifika Rusumo, dereva aliyekuwa akiendesha kushoto kwa Tanzania huanza kuendesha kulia kwa Rwanda. Halafu ghala, kupakua, kuhesabu, na kupakia tena katika magari madogo.

Kila hatua katika hizo ina mtu wake aliyeisomea. Akikosea mmoja, kontena husimama. Nalo likisimama, gharama hutembea. Ndiyo maana somo hili lina matawi mengi. Liko tawi la usimamizi wa usafirishaji na ugavi, linalopanga safari, magari na maghala. Liko la uwakala wa forodha. Liko la ununuzi na utunzaji wa bidhaa. Liko la uhandisi wa magari, barabara na reli. Liko la bandari na meli, na liko la viwanja vya ndege. Kijana asiyejua ni tawi lipi alitakalo hawezi kuchagua chuo, kwa kuwa hakuna chuo kimoja kilicho bora katika yote.

KOSA LANGU

Nilipomaliza shule, nilichagua chuo kwa jina lake. Sitakitaja. Kitabu chake cha matangazo kilikuwa na picha ya meli kubwa na winchi zikiinua makontena, nami nikaona kwamba hapo ndipo pangu. Sikuuliza neno. Tulisoma miaka miwili darasani. Mwaka wa tatu ulipokaribia, tukaambiwa kwamba chuo chenyewe kilikuwa kimesajiliwa, lakini shahada yetu ilikuwa bado haijaidhinishwa na wenye mamlaka. Nikalazimika kuanza tena mwaka wa kwanza mahali pengine. Katika miaka miwili ile sikuiona bandari hata mara moja, ila ile ya kwenye picha.

Marehemu baba alikuwa ameuza kipande cha shamba ili mimi nisome. Nilipomweleza, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hukuuliza kabla?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimejifunza kuuliza, na maswali yafuatayo ndiyo ninayowapa vijana wanaokuja kwangu.

MASWALI YA KUULIZA

La kwanza: Je, chuo kimesajiliwa, na shahada hiyo yenyewe imeidhinishwa? Angalieni kwamba haya ni maswali mawili. Hapa Rwanda huulizwa kwa Baraza la Elimu ya Juu. Kenya huulizwa kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, lakini vyuo kadhaa vya kazi, vikiwamo vya usafirishaji, huwa chini ya baraza jingine, la elimu ya ufundi, liitwalo NACTVET kwa kifupi. Usilikute jina la chuo halipo katika orodha ya kwanza ukadhani ni chuo cha uongo. Tazama na ya pili. Ukiwa unakwenda nchi nyingine, uliza pia kama cheti chako cha shule kitakubaliwa huko na kwa utaratibu gani, na kama shahada utakayorudi nayo itatambuliwa hapa nyumbani.

La pili: Je, mafunzo ya vitendo ni ya majuma mangapi, wapi, na nani anayetafuta nafasi? Vyuo vingine huandika kwamba mwanafunzi atakwenda kazini, lakini humwachia mwenyewe azunguke na barua mlango hata mlango. Chuo kizuri huwa na mapatano na bandari, shirika la reli, mamlaka ya mapato au kampuni za malori. Omba utajiwe mahali walipokwenda wanafunzi wa mwaka uliopita. Jibu la kweli huwa na majina ya mahali. Jibu la uongo huwa na maneno matamu tu.

La tatu: Je, masomo yenyewe ni yapi? Omba orodha ya masomo ya miaka yote. Ukikuta uongozi wa biashara mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na usafirishaji umeguswa mara mbili tu, hiyo ni shahada ya biashara iliyovikwa kanzu nyingine. Tafuta humo hesabu na takwimu, sheria ya uchukuzi, forodha, utunzaji wa maghala, usalama wa mizigo ya hatari, na matumizi ya kompyuta katika kupanga safari. Wanafunzi wanaochukia hesabu na wajue mapema: kazi hii ni ya hesabu. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mifuko 560 ni tani 28. Je, kontena litabeba? Je, lori litapita mizani? Asiyeweza kujibu haraka atawatia wenzake hasara.

La nne: Je, walimu wamewahi kuifanya kazi? Mwalimu aliyesoma sana anafaa, lakini katika kundi lao wawemo waliowahi kukesha bandarini au kugombana na karatasi mpakani.

La tano: Je, gharama zote ni kiasi gani? Wengi hulinganisha ada peke yake. Tuseme chuo cha kwanza kina ada ya faranga 800,000 kwa mwaka, na cha pili 600,000. Kwa haraka utasema cha pili ni rahisi. Lakini cha kwanza kiko mahali ambapo shangazi yako atakulaza na kukulisha, na cha pili kiko nchi nyingine, ambapo chumba na chakula ni 900,000, na nauli, bima na kibali cha mwanafunzi ni 150,000. Basi cha kwanza ni 800,000, na cha pili ni 1,650,000. Hesabu hizi nimezitunga kwa mfano. Wewe weka zako, kisha zidisha kwa miaka mitatu au minne. Uliza pia kama mwanafunzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ada ya mwenyeji au ya mgeni, nawe upate jibu kwa maandishi.

La sita: Je, waliomaliza wako wapi? Watafute wawili, uongee nao. Wahitimu wawili watakufaa kuliko vitabu kumi vya matangazo.

VYUO VYENYEWE

Sasa nitaje vichache ambavyo kijana wa Gisenyi yafaa avijue. Simsukumi mtu kwenda popote. Vyote aviulize maswali yale sita.

Dar es Salaam kiko Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, maarufu kwa jina la NIT, hapo Mabibo. Kilianzishwa mwaka 1975, na sheria ya mwaka 1982 ikakipa mamlaka yake chenyewe. Tangu mwanzo kiliwekwa kwa ajili ya usafirishaji, na hiyo ndiyo nguvu yake: usimamizi wa usafirishaji, uwakala wa mizigo, magari, na sasa mambo ya ndege pia. Faida nyingine ni kwamba mji wenyewe una bandari ambayo mzigo mwingi wa Rwanda hupitia. Hapo hapo mjini kiko Chuo cha Bandari, na kiko Chuo cha Bahari, DMI, kwa wapendao meli. Tena tangu mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya hubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa hiyo mwanafunzi aweza kuona kwa macho yake reli ya kisasa inavyoendeshwa.

Nairobi kiko chuo cha reli, kilichoanzishwa mwaka 1956 na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na sasa ni cha Shirika la Reli la Kenya. Mombasa kiko Chuo cha Bandari kilichogeuzwa kuwa Bandari Maritime Academy. Vyuo kama hivi hujulikana zaidi kwa vyeti na stashahada. Msivione kuwa vidogo kwa sababu hiyo. Mwenye stashahada ya reli anayeijua kazi aweza kuendelea na shahada baadaye. Lakini mwenye shahada asiyejua kazi ni nani atamwajiri?

Kampala iko Shule ya Biashara ya Makerere, hapo Nakawa, yenye shahada ya usimamizi wa uchukuzi na ugavi. Uganda iko katikati ya njia ya Mombasa, nayo huhudumia Sudan Kusini, Kongo na Rwanda, kwa hiyo mambo ya mzigo unaopita nchi kwenda nyingine hujifunzwa vizuri huko.

Hapa nyumbani, Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kina koleji ya biashara na uchumi, na nyingine ya sayansi na teknolojia. Mwenye nia ya kubaki Rwanda aanze kuuliza huko, atazame ni masomo gani ya uchukuzi yanayofundishwa mwaka atakaoingia. Hatutakuwa na bandari ya bahari, na mpaka sasa hatuna reli. Lakini tuna bandari kavu ya Masaka, Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2019, na tuna mipaka yenye kazi nyingi.

Basi nashauri hivi. Apendaye forodha na mipaka asome mahali penye mipaka na mawakala. Apendaye meli na winchi aende mji wa bahari. Apendaye reli aende penye reli. Apendaye kupanga magari na maghala aweza kusoma karibu na nyumbani, mradi chuo kimpeleke kazini kweli. Huwezi kujifunza kuogelea ukiwa kitandani.

KWA NINI TUSOME KAZI HII SISI WA GISENYI?

Wengine huniambia, "Mzee, mpaka huu hauna uhakika. Leo wazi, kesho umefungwa." Ni kweli. Mwaka 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, malori yakaambiwa yapite Kagitumba. Ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Rwanda ilitaka madereva wabadilishane magari pale Rusumo. Mwezi Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, watu wetu wakafa, na barabara zikakatika. Januari 2025 vita vilifika Goma, nasi tukavisikia kutoka majumbani mwetu.

Lakini fikirini. Katika kila taabu hiyo watu walihitaji unga, dawa na mafuta kuliko siku zote. Aliyejua njia ya pili, aliyejua gari lipi liko wapi na ghala lipi lina nafasi, ndiye aliyewafikishia. Njia ikiwa nyeupe kila mtu ni msafirishaji. Elimu yatakiwa siku njia inapofungwa. Tena milango mipya nayo imefunguka: Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na bandari ya Rubavu katika Ziwa Kivu ilizinduliwa mwaka 2024. Nani ataziendesha kazi hizo? Kama si vijana wetu, watakuja wengine, nasi tutabaki kubeba mizigo yao kichwani.

Neno moja kuhusu lugha. Vyuo nilivyovitaja hufundisha kwa Kiingereza. Karatasi za upande wa Kongo ni za Kifaransa. Lakini dereva, karani wa mizani na kuli wa bandarini huzungumza Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi ya Rwanda pia tangu mwaka 2017. Nimeona lori likikaa njiani siku mbili kwa sababu mwenye shahada hakuweza kumwelewa dereva kwenye simu. Msikidharau Kiswahili cha sehemu hii ya gazeti.

KWA WANAFUNZI WA ZAMANI

Ninyi mlio kazini, msidhani kwamba makala haya hayawahusu. Aliye na kazi ya uwakala na atafute cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa mamlaka za mapato na vyama vya mawakala. Iko pia Taasisi ya Uchukuzi na Ugavi, CILT, iliyoanzishwa London mwaka 1919, ambayo vyeti vyake hujulikana nchi nyingi. Na mwenye shahada anayetaka kupanda katika mambo ya bahari ajue kwamba kiko Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia, huko Malmö, Sweden, kilichoanzishwa mwaka 1983 na shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari.

Lakini nina ombi kubwa kuliko hilo. Kila mmoja wetu mwenye ofisi, ghala au gari ampokee mwanafunzi mmoja wakati wa likizo, hata kwa majuma mawili. Ahesabu magunia, ajaze karatasi, apande lori mpaka Kigali na kurudi. Akiona kazi haimfai, ameokoa miaka minne na shamba la baba yake. Akiona inamfaa, atakwenda chuoni akijua anachokitafuta.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na barua tatu za vyuo. Nilimpa maswali sita na simu yangu ya mezani. Alipiga simu siku nzima. Chuo kimoja hakikuweza kumtajia hata mahali pamoja walipokwenda wanafunzi wake kujifunza kazi. Barua yake akaikunja akaiweka mfukoni. Nilifurahi sana, nikamkumbuka baba.

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Ulizeni kabla hamjalipa.

Nawatakia heri katika mitihani yenu.

Mwanafunzi wa Zamani, Gisenyi